Jumanne: Mizigo na Furushi

Soma Wagalatia 6:1–5. Aya ya 2 inaagiza nini, na aya ya 5 inasema nini? Je, Paulo anajipinga mwenyewe?

Katika aya ya 2 tunaagizwa kuchukuliana mizigo. Aya tatu tu baadaye, Paulo anasema kwamba kila mtu atachukua wake. Ni rahisi kushika aya moja na kuiacha nyingine. Anayeombwa msaada huipenda aya ya 5. Anayeuomba huipenda aya ya 2. Lakini zote mbili ziliandikwa kwa waumini wale wale, katika barua ile ile.

Maneno ya Kiyunani hapa yanatofautiana. Aya ya 2 inatumia *baros*, uzito unaomlemea mtu, kama wa wale waliotaabika mchana kutwa juani (Mt. 20:12). Aya ya 5 inatumia *phortion*, mzigo ambao mtu amepewa aubebe. Ndilo neno la Mathayo 11:30, Yesu anaposema juu ya mzigo wake ulio mwepesi. Biblia yetu ya Union nayo hutofautisha: mizigo, kisha furushi.

Tofauti hiyo inasaidia, lakini haimalizi kazi. Aliyeghafilika (aya ya 1) anahitaji ndugu wa kumrejeza kwa upole. Hata hivyo, hakuna awezaye kutubu kwa niaba yake. Mjane anayeuguza mtoto anahitaji chakula, nauli na watu wa kukesha naye. Kumwambia kwamba kila mtu ana lake ni kuivunja sheria ya Kristo. Lakini je, baba anayemaliza mshahara wake kilabuni, huku kanisa likilipa karo kila muhula bila kumwambia neno? Watoto wasaidiwe, naye aambiwe ukweli kwa upole, maana furushi hilo ni lake.

Ndiyo sababu katikati ya aya hizi Paulo anaweka wito wa kujipima (aya ya 3, 4). Tunaposhika zote mbili, hatuwezi kuamua haraka. Inatupasa kumtembelea mtu, kumsikiliza na kuomba pamoja naye. Katika kazi hiyo Roho hutukuza, sisi pamoja na yule tunayemsaidia.

*Ni mzigo gani unaoubeba peke yako ambao ungepaswa kuwashirikisha ndugu zako? Ni furushi gani lililo lako ambalo umewaachia wengine?*