Mtoto, Vijidudu na Mzio: Mwongozo kwa Wazazi wa Mtangawanda

Mtoto akianza kutambaa uani, hushika mchanga, humfuata mbuzi, kisha kidole hukitia mdomoni. Mama humkimbilia kumnawisha. Je, kila kijidudu alichokigusa ni adui?

Mzio ni nini?

Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa gati letu. Kazi yake ni kumtambua abiria na kumzuia mhalifu. Mlinzi aliyezoea kuona watu wakishuka mashuani hababaiki na wageni. Aliyefungiwa ndani tangu utotoni humpigia kelele kila ashukaye. Mzio ni kelele hizo: mwili unapigana na vumbi, chavua, kamba au karanga, vitu visivyo na madhara. Matokeo yake ni ukurutu, chafya zisizokoma, macho kuwasha au pumu.

Wataalamu wameona nini?

Mwaka 1989, David Strachan wa Uingereza aliona kuwa watoto wenye ndugu wengi wakubwa hupata mafua ya mzio kwa uchache, huenda kwa sababu ndugu huwaletea vijidudu mapema. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa mirija ya pumzi kubana baada ya mazoezi ni jambo la kawaida zaidi kwa wanafunzi wa Nairobi kuliko wa vijijini Murang'a.

Marekani kuna jamii mbili za wakulima zenye asili karibu moja. Waamish hulima kwa farasi, na watoto wao hucheza mazizini. Wahutterite hutumia mashine, na mifugo yao iko mbali na nyumba. Utafiti wa mwaka 2016 ulieleza kuwa pumu huwapata takriban watoto 5 kwa 100 wa Waamish, na 21 kwa 100 wa Wahutterite. Vumbi la nyumba za Waamish lilikuwa na mabaki mengi zaidi ya bakteria.

Basi tuache uchafu?

Hapana. Kinachomfunza mlinzi ni vijidudu vya kawaida vya udongo, mifugo, ngozi ya mama na maziwa yake. Vya chooni na maji machafu ni wahalifu: huleta kuhara na kipindupindu, navyo huua. Minyoo nayo haifai kuachwa kwa kudhani inazuia mzio. Katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, Uganda, watu walipewa dawa za minyoo mara kwa mara kwa miaka mitatu, na mzio haukuongezeka.

Mambo ya kufanya

• Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza.
• Mwache acheze nje na wenzake, karibu na mifugo. Anawe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.
• Maji ya jabia au kisima yachemshe au yatie dawa kabla ya kunywa.
• Usimpe antibiotiki bila ushauri wa mhudumu wa afya. Dawa hizo huua hata vijidudu vyema vya tumboni, na mafua ya kawaida haziyatibu.
• Kuanzia miezi 6, mwonjeshe yai, samaki na karanga zilizosagwa laini. Karanga nzima humkaba. Utafiti wa London wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuanza karanga mapema hupunguza sana mzio wake. Mwenye ukurutu mkali apelekwe kwanza kwa mhudumu.
• Mpe chanjo zote. Zinamkinga na magonjwa, wala hazileti pumu.
• Moshi wa kuni, udi na ubani usimfikie mtoto, hata ndani ya siku arobaini za uzazi. Moshi huamsha pumu.

Dalili za hatari

Midomo au ulimi kuvimba, pumzi kukoroma, kutapika mfululizo au kulegea ghafla baada ya kula au kuumwa na nyuki: mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Usingoje maji yajae ili kuvuka hadi Lamu.