Kazi za Kiume na Kazi za Kike

Kijana wa miaka 13 au 14 aulizwapo atafanya kazi gani, mara nyingi hujibu yale aliyoyasikia kwa wakubwa. Msichana husema muuguzi, mvulana husema mhandisi. Kazi hizo zote ni za heshima. Lakini yatupasa kuuliza: je, wamechagua wenyewe, au wamechaguliwa? Jambo hili si dogo, kwa maana msichana aachaye fizikia leo, kesho ataikuta njia ya uhandisi imefungwa.

Somo tulishaurilo halihitaji kitabu. Jioni moja, waambieni watoto waandike kazi 10, na kando ya kila moja waonyeshe kama ni ya kiume au ya kike. Msiwakemee, waulizeni sababu tu. Bila shaka watasema kushona na kupika ni kazi za kike. Basi waulizeni: ni nani aketiye barazani na cherehani katika miji yetu? Ni nani apikaye katika hoteli kubwa? Wengi wao ni wanaume. Hapo mtoto atang'amua mwenyewe kwamba kazi ile ile, ikifanywa nyumbani bila malipo, huitwa ya kike. Ikileta mshahara, haimwaibishi mwanamume hata kidogo. Kumbe tofauti haimo mikononi, imo katika mazoea.

Kisha wapeni mfano wa Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1940. Wengi wamjua kwa miti aliyoipanda na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Wachache wajua kwamba alisomea biolojia, akafundisha elimu ya viungo vya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati.

Lakini maneno matupu hayafai. Ikiwa dada huchota maji na kuosha vyombo huku kaka yake akisoma, somo letu limefutwa kabla ya kulala. Wagawieni kazi za nyumbani sawasawa, na saa za kusoma sawasawa. Wala mvulana atakaye kuwa muuguzi asichekwe, kwani wagonjwa wamhitaji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.