Magaidi Wakipiga, Taifa Lijibu Namna Gani?



Siku ya Dominika, tarehe 15 Januari 2023, Wakristo wa Kipentekoste walikusanyika katika nyumba yao ya sala huko Kasindi, katika Kivu ya Kaskazini, mpakani mwa Kongo na Uganda. Siku hiyo baadhi yao walikuwa wakibatizwa. Mara bomu likapasuka katikati yao. Watu zaidi ya kumi walikufa, na wengi wakajeruhiwa. Jeshi la serikali lilisema kwamba ni kazi ya waasi wa ADF, na kundi lijiitalo Dola la Kiislamu likajivunia tendo hilo.

Ninyi pia mwangojea Ubatizo. Kwa hiyo habari hii yawahusu. Na tujifunze leo yaipasayo nchi iliyopigwa hivyo.

I. Gaidi ataka nini?

Mwizi ataka mbuzi wako. Askari vitani ataka daraja au kilima. Gaidi ataka woga wako. Hana nguvu ya kuua taifa zima. Basi aua wachache wasio na silaha, ili waliobaki waanze kushukiana. Kabila hili lilaumu lile, Mkristo amkimbie Mwislamu, jirani afunge mlango asimfungulie jirani. Tukifanya hivyo, twammalizia kazi yake.

II. Yatupasayo

1. Kulia pamoja. Waliouawa Kasindi walikuwa Waprotestanti. Hata hivyo Papa Fransisko alimpelekea mkubwa wa Kanisa la Kristo katika Kongo salamu za rambirambi. Vivyo hivyo nasi, msiba ukiingia kwa jirani, tusiulize kwanza asali wapi. Tuchukue unga na kuni, twende matangani.

2. Kusema kweli. Baada ya shambulio, maneno hukimbia kuliko miguu. Mmoja asema ameona, kumbe amesikia. Wa pili aongeza jina la mtu. Wa tatu ashika panga. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia mwenzetu uongo. Basi neno usilolijua hakika, lisitoke kinywani mwako.

3. Kuacha hukumu mikononi mwa sheria. Amri ya tano yakataza kuua. Lakini haikatazi kujilinda, wala haiwaondolei wakubwa wa nchi wajibu wa kuwalinda watu na kuwakamata waovu. Yule amjuaye mwovu na amshtaki kwa wenye mamlaka. Lakini kumpiga mtu kwa sababu tu lugha yake au dini yake ni ile ya mwovu, huko si haki. Mtu huyo hakutenda kosa, na damu yake itadaiwa.

4. Kukataa kutengwa. Mwezi wa Novemba 2014, huko Mandera, kaskazini ya Kenya, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, walisimamisha basi lingine karibu na El Wak, wakaamuru vilevile. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike. Abiria wakawaambia magaidi wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo, lakini wengi waliokoka. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi wa Januari 2016. Wakenya wa dini zote walimlilia, na Serikali ikampa nishani. Mkumbukeni Msamaria mwema: Bwana wetu alimchagua mtu wa taifa lililodharauliwa ili atufundishe jirani ni nani.

5. Kusamehe. Hili ndilo gumu kuliko yote. Siku kumi na saba baada ya Kasindi, tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alikuwa Kinshasa. Asubuhi alisoma Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Vita vilimzuia kufika Goma. Kwa hiyo watu wa mashariki walimwendea yeye. Mmoja mmoja walieleza waliyotendewa. Kisha waliweka chini ya msalaba silaha kama zile zilizowaua ndugu zao, wakasema kwamba wasamehe. Hawakusema kwamba ubaya ni mwema, wala kwamba haki isitafutwe. Walikataa tu kuyarithi mapanga yale.

III. Mfano wa kwetu

Sisi wa Lulimba tunao mfano karibu. Tarehe 28 Novemba 1964 waasi waliwaua Ndugu Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara huko Baraka, kisha Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Padri Carrara aliamriwa kupanda gari; akachagua kufa karibu na ndugu yake, akapiga magoti penye maiti yake. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri. Papa aliomba siku hiyo kwamba mfano wao ulifungulie taifa la Kongo njia za upatanisho na amani. Miaka karibu sitini ilipita, na kumbukumbu ya damu ile haikugeuka kuwa deni la kisasi.

Maswali

Gaidi ataka nini hasa?
Ataka tuogope na kutengana.

Je, kusamehe ni kuacha haki?
Hapana. Mwovu apelekwe mbele ya sheria. Lakini moyo wangu usimtakie mabaya.

Je, naweza kumlaumu mtu kwa kosa la kabila lake au dini yake?
Hapana. Kila mtu atajibu kwa matendo yake mwenyewe.

Kusudi la juma hili

Mtafute jirani mmoja wa kabila jingine au dini nyingine ambaye husalimiani naye. Mwamkie, uulize habari za watoto wake. Usingoje msiba ndipo uanze kumjua. Kwa maana siku ya msiba, watu wasiojuana huaminiana kwa shida.