Kiambaza na Kombamoyo: Nyumba ya Udongo na Makuti kama Turathi

Itajwapo turathi ya majenzi katika pwani ya Kenya, aghalabu fikira huelekea kwenye jiwe: majumba ya Lamu yenye zidaka na milango ya nakshi, Ngome ya Yesu, magofu ya Gede. Si ajabu. Mji Mkongwe wa Lamu uliposajiliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa turathi ya dunia, ni ujenzi wake wa matumbawe na boriti za mikoko uliosifiwa. Makala haya yanatazama kwingine, kwenye nyumba ndogo ya familia iliyojengwa kwa miti, udongo na makuti. Nyumba hiyo haikupata kibao wala mlinzi, ilhali imeilea lugha ya Kiswahili si haba.

Nyumba hii ina sarufi yake. Nguzo husimamishwa kwanza, na juu yake hulazwa mbati. Mwamba hupita kileleni, na kutoka hapo makombamoyo huteremka hadi kwenye mbati. Mapao hufungwa kwa kamba juu ya makombamoyo, ndipo paa liezekwe kwa makuti ya viungo, kwani yale ya kumba hufaa zaidi kwa kuzungushia ua. Mti unaokingama ndani kutoka ukuta hadi ukuta huitwa mtambaapanya, jina ambalo bila shaka lilibuniwa na mtu aliyelala chali akitazama juu. Ukuta nao ni fito zilizofungwa kama wavu, kisha zikakandikwa udongo hadi pakawa na kiambaza. Mlango wa mbele hufungukia ukumbi unaonyooka hadi uani, vyumba vikiwa pande mbili; mbele kuna baraza, na nyuma, uani, kuna jiko na choo.

Msomaji atambue kuwa baadhi ya maneno haya yamo vinywani mwa kila mzungumzaji, na mengine yamekuwa mageni. Baraza limetoka pale mbele ya nyumba likawa baraza la chifu na baraza la mawaziri. Ukumbi umekuwa wa mikutano na wa sherehe. Uani ni tasfida ya msalani hata katika ghorofa zisizo na ua. Lakini mbati, pao, kombamoyo na mtambaapanya hayakupata pa kuhamia. Yalibaki darini na kazi yake ni ileile moja, hivyo basi paa linapoezuliwa yanashuka pamoja nalo. Kombamoyo limo katika kamusi, naam, lakini ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wanaoweza kulionyesha kwa kidole?

Fasihi simulizi nayo inaathirika. Methali "usipoziba ufa utajenga ukuta" hufunzwa darasani kama onyo la jumla kuhusu uzembe. Kwa mkaazi wa nyumba ya udongo, hilo lilikuwa jambo la msimu: ufa ulioachwa hupokea maji ya masika, udongo ukalainika, fito zikabaki uchi, na kiambaza kizima kikahitaji kukandikwa upya. Vivyo hivyo kitendawili "nyumba yangu ina nguzo moja", ambacho jibu lake ni uyoga, hupata utamu wake kwa msikilizaji aliyezoea kuziona nguzo zikihesabika.

Hoja inayotolewa dhidi ya nyumba hii ni kwamba haidumu, na kisichodumu hakiwezi kuwa turathi. Hoja hiyo inapima umri kwa mizani ya jiwe. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kiambaza hukandikwa tena, nguzo iliyoliwa na mchwa hung'olewa ikatiwa nyingine. Familia inaweza kuishi pale pale vizazi kadhaa bila kubaki na kijiti cha babu. Kilichodumu ni maarifa ya kuirudia kazi. Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu turathi zisizogusika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007, unatambua hasa ufundi wa aina hiyo.

Hata hivyo, haifai kuipamba nyumba hii kupita kiasi. Makuti hushika moto upesi, na gharama ya kuezeka kila mara si ndogo. Anayechagua mabati ana sababu zake. Isitoshe, katika mitaa mingi ya Mombasa kuna desturi ya nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja cha mtu mwingine. Katika hali hiyo wepesi wa udongo na makuti haukuwa ufukara tu, bali hekima ya mtu asiyejua ataambiwa lini ahame. Mhifadhi anayeipuuza historia hiyo ya ardhi atakuwa ameitazama nyumba mlangoni, na wahenga walikwisha kusema nyumba njema si mlango.

Idara za Kiswahili hazihitaji kununua nyumba ili zichangie. Zinahitaji kuwatuma wanafunzi kwa mafundi, kuanzia Vanga hadi Kiunga, wakakusanye istilahi za ujenzi kwa lahaja zake kabla mafundi hao hawajazeeka wote. Wakati mwafaka ni siku makuti ya zamani yanaposhushwa na mabati hayajapanda. Hapo kila mti huonekana ulipo, na fundi huweza kuutaja huku ameushika.