Barua Pepe Inapokwama kwenye Kompyuta

Mkazi anaweza kutuma ombi la kazi siku ya mwisho, kisha agundue muda umepita na barua pepe bado imo kwenye kompyuta, katika kikasha cha barua zinazosubiri kutumwa. Wanaotumia programu kama Outlook au Thunderbird wanashauriwa kufuata hatua hizi.

1. Kufungua tovuti yoyote. Isipofunguka, tatizo ni intaneti.

2. Kuingia kwenye akaunti kupitia kivinjari. Mtumiaji akikataliwa, akague nenosiri. Akikubaliwa, aitume barua ya dharura kutoka hapo hapo, kisha arudi kurekebisha programu.

3. Kukagua tarehe na saa ya kompyuta. Zikiwa na makosa, muunganisho salama unaweza kukataliwa.

4. Kukagua seva. Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, ndiyo maana barua zinaweza kuingia lakini zisitoke. Kwa Gmail, kupokea kwa IMAP ni imap.gmail.com, poti 993. Kutuma ni smtp.gmail.com, poti 465 au 587. Kwenye Thunderbird, njia ya uthibitisho iwe OAuth2, kwa kuwa Gmail haikubali tena nenosiri la kawaida la akaunti.

Akaunti isifutwe kwenye programu kabla ya kuhifadhi nakala. Kwa wanaotumia POP, huenda barua za zamani zimo kwenye kompyuta hiyo pekee. Fundi akiitwa, mwenye akaunti aandike nenosiri mwenyewe.