Darasa Chini ya Mtundu

Siku ya kwanza ya darasa la mimea mtaani kwetu, pembezoni mwa mji wa Tabora, nilileta picha 30 za miti na kuzibandika ukutani. Watu walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, bibi mmoja akauliza: "Mwanangu, miti hii si ndiyo ile iliyoko pale nje? Mbona hatuendi kuiangalia?" Tukatoka. Hii ni mvua ya tatu sasa, na hatujarudi ndani. Kwa yeyote anayetaka kuanzisha darasa la namna hii kwao, haya ndiyo yaliyotufaa.

Chagueni mahali padogo, mpazoee. Sisi tuna mtundu mmoja, mninga mmoja na kichuguu kimoja. Tulimwomba ruhusa mwenyekiti wa mtaa, na tunakwenda pale pale kila mwezi. Mti una mambo yake kwa kila majira: mwishoni mwa kiangazi, kabla tone la mvua halijaanguka, mtundu huchipua majani mekundu kama shaba. Aliyeuona mwezi wa tatu peke yake, umejaa kijani, hawezi kuyajua hayo.

Jina liandikwe mara tatu. Kwanza lile wanalolitaja wazee kwa Kinyamwezi, kisha la Kiswahili, mwisho la kisayansi. Jina moja la kienyeji huweza kubeba miti miwili au mitatu, kwa hiyo kwenye daftari letu tumeandika kuwa mtundu huu ni Brachystegia spiciformis. Lakini anayetangulia kusema ni mzee, siyo kitabu.

Udongo ushikwe kwa mkono. Chukueni chupa mbili za maji za lita moja. Moja itieni udongo wa kichuguu hadi theluthi, nyingine udongo wa hatua 20 kutoka hapo. Jazeni maji, ongezeni sabuni ya unga kidogo, mtikise kwa nguvu, kisha muziache zitulie. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja hivi, tope laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huhitaji siku nzima au zaidi. Kesho yake chupa ya kichuguu ilikuwa na tabaka nene la mfinyanzi. Fundi matofali wa darasani kwetu alitabasamu. Mikono yake ilikuwa inalijua hilo miaka mingi.

Kwenye uyoga, msiwe na haraka. Mvua zilipokolea, bibi yule alipiga goti kwenye kichuguu, akachimbua uyoga mmoja taratibu kwa kijiti. Shina lake liliendelea kushuka ardhini kama mzizi mrefu, likapita urefu wa kiganja chake. Uyoga huo hutoka kwenye bustani ya mchwa: wao huulimia chini kwa majani na miti iliyokauka, nao huwalisha. Wengi wetu tulikuwa tumeula tangu utotoni bila kuujua mwanzo wake.

Hata hivyo, darasani hatuli uyoga. Tunachora, tunanusa, tunaangalia chini ya kofia. Msiamini kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, wala kwamba moto huondoa kila sumu. Ipo sumu inayokaa kimya saa sita au zaidi baada ya kuliwa, huku ikiharibu ini.

Uyoga mwingine huota chini ya mtundu, ukiwa umeshikana na mizizi yake: mti huupa sukari, nao huuletea mti maji na madini. Nilipoeleza hayo, kijana mmoja anayechoma mkaa akauliza, "Kwa hiyo nikiukata mtundu, na uyoga wake umekwisha?" Bibi akanyoosha mkono kuelekea kwenye visiki upande wa pili wa njia. "Pale tulikuwa tunaokota kapu zima," akasema.

Kijana alivitazama visiki kwa muda, kisha akavuka njia kwenda kuvikagua. Aliporudi alisema vingine vimechipua, akaomba tuviandike. Mtundu una tabia hiyo. Ukiachwa, kisiki chake hurudisha mti. Mwezi ujao somo letu litakuwa kule, kuhesabu machipukizi, na yeye ndiye atakayetuongoza.