Umiliki wa Kitabu Kilichochapishwa na Hatima ya Utafiti wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walipoonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, hawakuwa na vitabu akilini. Hata hivyo, methali hiyo yamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya leo. Aghalabu mwanafunzi huyu huhitimu shahada ya kwanza akiwa amesoma riwaya, tamthilia na diwani kadha wa kadha, ilhali chumbani mwake hamna hata moja. Alizisoma katika rununu, kwa nakala zilizopigwa picha ukurasa baada ya ukurasa na kusambazwa katika kundi la darasa usiku wa kuamkia mtihani. Rununu ikiibwa ndani ya matatu, maktaba nzima huenda nayo. Makala haya yanajadili tofauti iliyopo baina ya kusoma kitabu na kukimiliki, na yanashikilia kwamba kwa msomi wa fasihi ya Kiswahili tofauti hiyo si suala la anasa.

Ununuzi usio umiliki

Anayenunua riwaya dukani hupata mali. Anaweza kuiazimisha, kuiuza, kuirithisha wanawe, hata kuifungia karanga akipenda. Mchapishaji hana tena neno. Anayenunua kitabu cha kielektroniki kwa kawaida hununua ruhusa tu ya kusoma, na ruhusa hiyo ina masharti ambayo aliyakubali pasi na kuyapitia. Mnamo Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta kutoka vifaa vya Kindle vya wateja wake nakala za riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, baada ya kubainika kuwa aliyeziuza hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Wateja walirejeshewa fedha zao na kampuni ikaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja wa shule ya upili huko Marekani alikwenda mahakamani akilalamika kwamba maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya kazi yake ya masomo yalikuwa yamebaki bila kitabu cha kuyafafanua. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na vyote vilivyokuwa vimenunuliwa humo vikaacha kufunguka. Fedha zilirudi, vitabu havikurudi.

Kuna kinaya hapa ambacho wanafunzi wa tafsiri watakitambua. Animal Farm ilikwisha kuvishwa vazi la Kiswahili na Fortunatus Kawegere kwa jina Shamba la Wanyama, ikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Shirika hilo halipo tena. Nakala ya 1967 iliyomo sandukuni mwa mwalimu mstaafu, hata ikiwa imeliwa pembe na mende, ingali inasomeka, na hapana mtu awezaye kuifuta akiwa mbali.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu sisi Waafrika Mashariki kwa sababu wachapishaji wengi wa fasihi ya Kiswahili hawakudumu. East African Literature Bureau, iliyotoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, iliporomoka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Baadhi ya kazi zake zilipata wachapishaji wapya. Zile ambazo hazikupata hazikuingia katika duka lolote la mtandaoni pia, kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha kuzipeleka huko. Zimo katika maktaba chache na mikononi mwa waliozinunua wakati ule.

Suala la matoleo

Nakala za picha zinazozunguka huanza mara nyingi katika sura ya kwanza. Ukurasa wenye jina la mchapishaji, mwaka na idadi ya matoleo hauonekani, kwani aliyepiga picha aliuona hauna hadithi. Matokeo yake hudhihirika katika tasnifu: mtahiniwa mmoja ataja mwaka wa toleo la kwanza na kunukuu kurasa za toleo la tatu, mwingine ategemea nakala iliyorukwa kurasa mbili na kujenga hoja juu ya "ukimya" wa mhusika ambaye alizungumza katika kurasa hizo hizo zilizorukwa. Msimamizi asiye na kitabu chenyewe hawezi kumsahihisha.

Kamusi ni mfano ulio bayana zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mwaka 1981, ikafuatwa na toleo la 2004 na lile la 2013. Anayetaka kujua neno fulani lilikubalika lini, au maana ipi iliongezwa baadaye, hana budi kuziweka zote tatu mezani. Kamusi ya mtandaoni hurekebishwa kimyakimya. Kwa mtafuta maana hilo ni manufaa, lakini kwa mtafiti wa historia ya lugha ni sawa na daftari la deni ambalo mwenye duka hulifuta kila jioni.

Kitabu kiko kwa nani?

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, naye Mwingereza W. E. Taylor akazipokea na kuzihifadhi. Hati hizo zikaenda London, na diwani iliyohaririwa na William Hichens ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mshairi wa Mvita, basi, alichapishwa Afrika Kusini kutokana na hati zilizokuwa Uingereza! Tangu hapo anayetaka kuchunguza maandishi ya awali hulazimika kuomba kwa mwenye nayo, na mwenye nayo hayuko Kibokoni.

Ni kweli kwamba teknolojia imepunguza umbali huo. Hati za Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, nyingi zikiwa za Kiarabu, zilipigwa picha za kidijitali kwa ufadhili wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na hati zenyewe hazikuhamishwa kwenda Ulaya. Mpango huo wastahili sifa. Oktoba 2023, hata hivyo, wahalifu wa mtandaoni walivamia mitambo ya maktaba hiyo, na kwa miezi mingi wasomaji duniani hawakuweza kufikia sehemu kubwa ya hazina zake za kidijitali. Uvamizi wa aina hiyo hauna njia ya kuligusa kabati lililoko Lamu. Maadui wa kabati ni unyevu, mchwa na moto, na wenyeji wamepambana nao kwa vizazi.

Gharama

Itakuwa dhuluma kumlaumu mwanafunzi bila kutaja bei. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu kodi ya asilimia 16 nchini Kenya, na mwanafunzi anayesubiri mkopo wa serikali hawezi kuambiwa achague riwaya badala ya chakula. Nakala ya dijitali humfaa pia msomaji mwenye uoni hafifu anayehitaji kukuza herufi, na yule aliye mbali na duka lolote la vitabu. Hoja ya makala haya si kwamba simu itupwe. Kitabu kimoja kwa muhula, kikitafutwa kwa wachuuzi wa vitabu vilivyotumika katika njia za miguu za Nairobi, humfikisha mwanafunzi mwaka wa nne akiwa na vitabu vinane. Vikiwa vimeandikwa pambizoni na msomaji aliyetangulia, thamani yake huzidi: humo hukutwa mhadhiri wa miaka ya themanini akibishana na mwandishi kwa kalamu nyekundu.

Wahadhiri hao wanastaafu, na wengine wanafariki. Vitabu vyao hugawanywa na jamaa wasiojua kilichomo, vingine huuzwa kwa kilo. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina wanachama katika kila kaunti na havihitaji fedha ili kuanzisha daftari linaloonyesha nani anamiliki kitabu gani, toleo lipi, na kama yuko tayari kukiazimisha au kukiacha kisomwe papo hapo. Swali la kwanza katika mkutano lingeweza kuwa jepesi tu: nani ana Nagona ya mwaka 1990, na je, kurasa zake zote zimo?